Koti Lako Limepita, Mimi Nimekwama

Bonde la Ura,
Bumthang.
Tarehe 9 Novemba.

Mpendwa mdogo wangu Chimi,

Hujambo, mwana wa mama yangu? Shemeji Ugyen hajambo? Na huyo binti yenu Selden, ambaye kila siku nasikia ameota jino jipya kana kwamba watoto wengine wanazeeka vibogoyo, naye yu mzima? Sisi huku tunamshukuru Guru, mtakatifu wetu, tu wazima. Baridi imeshabisha hodi, maji ya ndoo yanaamka na ganda la barafu, viazi vyote viko ghalani, na yule ng'ombe mweupe mwenye kiburi kazaa dume. Mama hajambo. Magoti yanamsumbua kidogo, lakini mdomo uko salama kabisa.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi. Simu ya nyumba hii siku hizi ni ya Mama. Tangu umfundishe kubonyeza kile kitufe cha sauti, ukipiga tu anaita majirani, wanajaa jikoni kukusikiliza huko Perth, na mimi nachemsha chai yao. Sasa la moyoni niliseme mbele ya kijiji kizima? Barua hii nimempa Kuenga wa nyumba ya chini, anayesafiri kuja huko, pamoja na pilipili kavu na jibini. Ukiona jibini limepungua, muulize yeye.

Naanza na lililo kubwa, maana nikizunguka nitakosa ujasiri. Nakuonea wivu, Chimi. Siyo wivu wa mchezo. Roho inaniuma mpaka chakula kinakuwa kichungu. Uliposema kwenye simu kwamba chumba cha Mama kimekuwa tayari, kina dirisha la jua na zulia, mimi nilikuwa zizini, chini ya nyumba, nakamua, nikasikia yote kupitia mbao za sakafu. Nikaiacha ndoo, ng'ombe akaipiga teke.

Nani anamkanda magoti kila jioni? Nani anajua kwamba hanywi chai bila chumvi ya kuongeza? Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Lakini kwa Mama fimbo ya mbali ndiyo imepakwa dhahabu, na hii ya karibu ni ya kufukuzia kuku.

Basi ulimsikia alivyokujibu siku ile. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema, "Nitakwenda kwanza pango la Singye. Nikipita tundu la dhambi, nakuja. Nikikwama, nabaki." Ukacheka, ukadhani ni maneno ya wazee. Mimi sikucheka. Unalikumbuka tundu lile, jiwe kwa jiwe, giza tupu, mtu anajipenyeza kama mnyoo, na mwenye dhambi nzito linambana. Na unamjua Mama. Akishasema mbele ya majirani, amesema.

Nikafanya hesabu zangu. Kama kukwama ndiko kubaki, basi Mama lazima akwame. Na Mama hana dhambi ya kumkwamisha, labda umbea tu. Nikaona nimnenepeshe. Haki ya nani, nilimpikia! Chapati nyeusi zinaogelea katika siagi, viazi kwa jibini, uji wa maziwa asubuhi na wa pili kabla ya kulala. Namgay mume wangu akaniuliza kama kuna harusi. Nikamwambia nampenda mama yangu, kuna sheria inayokataza? Na kila mara sahani ya Mama ilirudi tupu, nami nikawa nashangilia kimoyomoyo. Tena ili asishtuke, nilikuwa nakula naye. Na sahani yangu, sijui vipi, haikuwa ikiisha.

Tulikwenda siku njema ya kalenda, mimi, Mama na Namgay. Tulipanda kwa njia ya msitu wa misonobari. Miti imevaa zile ndevu zake za kijani, chini kunateleza, na Mama anapanda mbele kama mbuzi. Magoti gani hayo! Mimi ndiye niliyekuwa nahema, kira yangu inanibana kiunoni, nikadhani nguo imeingia maji ikaruka.

Kila jiwe njiani lina jina lako. Tukafika Jiwe la Chura, Mama akasimama. "Hapa ndipo Chimi wangu alipopanda mpaka juu, mdogo vile, akanipungia mkono." Ala! Nani alipanda? Mimi! Wewe ulikuwa chini, kamasi mpaka mdomoni, unalilia bisi. Nikasema, "Mama, yule alikuwa mimi." Akanitazama kwa huruma. "Wewe ulikuwa mwoga wa juu, Lhaden." Mwoga! Nina kovu la goti mpaka leo! Nikavua soksi nimwonyeshe, ameshaondoka.

Penye lile jiwe kubwa lililokaa juu ya dogo kama birika juu ya jiko, wewe ndiye uliyelipa jina. Kwenye unyayo wa Guru mwambani, mguu wako ndio ulioenea vizuri. Kwenye matone ya maji matakatifu, Chimi hakuwahi kumwaga hata tone. Namgay akaninong'oneza, "Kaza moyo, yamebaki mawe matatu." Ningemsukuma bondeni.

Pangoni tulimkuta Mzee Tandin, yule mtunzaji, bado yupo, bado mdomo mwekundu wa tambuu, na bado anapenda kuwacheka wanaokwama kuliko kuwaombea. Tukawasha taa za siagi. Halafu Mama akafungua mkoba wake akatoa kitu. Unajua ni nini? Koti lako jekundu la shule. Lile lenye kifungo kimoja cha bluu, ambacho nilikishona mimi.

"Aliye mbali hupitishiwa nguo," Mama akasema. "Namgay, we mwembamba, mpitishe Chimi."

Mume wangu mwenyewe, Chimi! Akalivaa koti lako shingoni, akaingia tunduni, na kabla sijameza mate nikamsikia anapiga kelele upande wa pili, "Limepita!" Mama akakutanisha viganja, machozi yanamlengalenga. "Mnaona? Mwanangu hana dhambi hata moja."

"Mama, hilo ni koti," nikasema.

"Hata kama."

Hapo wivu ulinipanda mpaka masikioni. Mama akaniambia nitangulie, nimwonyeshe njia, yeye atafuata. Nikajitosa kichwa mbele, kwa hasira, nikijisemea kwamba kama nguo imepita, mimi nitaruka. Mabega yakapita. Kifua kikapita. Kiuno kikagoma. Nikajisukuma mbele, wapi. Nikarudi nyuma, wapi. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi kisima changu nilikichimba kwa siagi.

Mzee Tandin akaja nyuma ya miguu yangu, nasikia anavyofurahi. "Lhaden! Jiwe limekushika! Taja lililoko moyoni, litakuachia."

"Nilimwaga maziwa nikamsingizia paka!"

"Hilo dogo. Taja kubwa."

Giza lile, Chimi, na jiwe baridi limenilalia mgongoni. Nikapiga kelele, "Namwonea wivu Chimi!" Pango likaitikia, Chimi, Chimi, Chimi. Hata huko ni wewe tu.

Namgay akajibu kutoka upande wa pili. "Hilo tunalijua wote! Taja jingine!"

Sikuwa na jingine. Niliishiwa. Nikaanza kulia, na kulia nako kunataka nafasi, na nafasi hakuna. Ndipo nikasikia vishindo vya Mama anazunguka mwamba, na Mzee Tandin anamfuata mbio, sasa hacheki. "Mama, huko siko! Huko ni mlango wa kutokea! Ukiingia kinyume, zamu yako ya mwaka huu imekwisha, haitahesabika!"

Mama akasema, "Mwanangu yumo humo."

Basi. Nikasikia anakuja, anatambaa na yale magoti yake juu ya jiwe tupu, mpaka nikanusa tambuu na moshi wa jikoni kwetu, na mkono wake ukanigusa uso.

"Acha kupiga mateke, unaniharibia pango," akasema. "Toa pumzi."

"Mama, nimekwama."

"Si nakuona. Hata siku ya kuzaliwa ulikwama hivihivi. Mdogo wako aliteleza, nikiwa bado natafuta wa kumtuma kwa mkunga. Wewe uligoma. Mkunga akasema hapa atapona mmoja. Nikamwambia we mama nyamaza, kazi yako ni kuvuta." Akanishika kwapani. "Nimeshakuvuta mara moja, sitashindwa leo. Ingawa ile mara nyingine hukuwa umekula siagi yangu yote."

"Siagi gani?" nikajifanya.

"Ulidhani sioni? Kila ukigeuka jikoni, nilikuwa nakuwekea chapati zangu kwenye sahani yako. Nikasema ngoja nione atakayenenepa."

Nilicheka, Chimi. Sikutaka, nilikuwa na hasira na kamasi, lakini kicheko kilinitoka chote mpaka kifua kikawa kitupu, na papo hapo akanivuta. Tulitoka wote wawili tukabiringika kwenye miguu ya Namgay, kira yangu imechanika, Mama amechubuka magoti yote mawili, damu inatiririka kwenye soksi ulizomtumia.

Mzee Tandin akamwuliza sasa itakuwaje na safari yake, maana hakupita. Mama akatia tambuu mdomoni. "Sijapita wala sijakwama. Mwambieni Chimi mwaka huu tundu lilikuwa na mtu." Kisha akashika njia ya kurudi, anachechemea, hataki kushikwa mkono.

Ndiyo maana hajakupigia simu. Anaona haya. Ameniambia nikueleze mimi, kwa sababu mimi ndiye mwenye makosa. Haji mwaka huu. Zulia na dirisha vimsubiri, au mpangishe mtu.

Nilifurahi, nisikufiche. Njiani nilikuwa nimenuna usoni na ndani nacheza. Nikasema leo nimekushinda, fimbo ya karibu imeua nyoka. Nikamkanda magoti, nikamtia dawa, nikamlaza. Asubuhi nikampelekea chai yake ya chumvi, na nikamkuta amelala, uso wake umelalia koti lako.

Kila siku sasa ni hivyo. Nimemshonea mto mpya wa pamba, ameusukumia ukutani. Juzi nilisema naomba koti nilifue, linanuka moshi. Akanishika mkono. "Usilifue. Lina yeye kidogo." Miaka ishirini na kitu imepita, Chimi. Halina chochote chako lile. Nimelinusa mimi mwenyewe, mara mbili, nikiwa peke yangu. Linanuka kabati. Lakini niliponusa mara ya pili nikakumbuka ulivyokuwa unalivaa kichwani kama mwavuli, tukitoka shule mvua inanyesha, na mimi nalowa kwa sababu lako lilikuwa dogo na langu nilishakupa uwe unalilalia nyumbani. Nikakaa kitandani kwa Mama nikalia, na sijui nilikuwa namlilia nani.

Kwa hiyo sikiliza. Mama haji, na mimi siwezi kushindana na nguo. Chukua likizo, mlete Selden, njoo ulichukue koti lako mwenyewe. Nataka Mama alalie mto wangu walau wiki moja. Na utapita tundu la Singye kwa mwili wako, si kwa kutuma wawakilishi. Mama ameshasema atakaa pale mlangoni kukuombea. Mimi sitakuombea. Mimi nitazunguka upande wa pili, penye giza, nikusubiri.

Nisalimie sana shemeji Ugyen, mwambie pilipili hizi si za mchezo, asijifanye mwanamume. Mbusu Selden kwenye hayo meno yake. Namgay anakusalimu, anasema koti lako halikuwa zito. Mama anakusalimu mara nyingi mno, nimekata nusu ili karatasi itoshe. Mzee Tandin naye anauliza utakuja lini, ameshachoka kunicheka mimi peke yangu.

Guru akutie kwapani mwake, wewe na wote wa nyumba yako, mlale salama na mwamke na kicheko. Na siku ukija, nakuombea kwa moyo wangu wote ukwame, hata kidogo tu, nipate kukuvuta.

Ni mimi, dada yako akupendaye hata anapokuonea gere,

Lhaden.