Keki za Mwalimu wa Neema

Hodge Hill, Birmingham

Dada yangu Mwavita,

Jambo sana huko Uvira. Mgongo unasemaje? Na miguu, imeacha kukuuma? Mimi nikiamka nakuombea wewe kwanza, chai baadaye. Hapa niko mzima kabisa. Daktari alinipima presha akasema nina moyo wa kijana, nikamwambia hilo nilikuwa nalijua. Barua hii naandika kwa mkono wangu mwenyewe, sikumpa mtu kalamu, kwa hiyo herufi zikilala kidogo, anayekusomea asijifanye mwalimu.

Neno lenyewe ni Neema. Najua mjukuu wangu alikupigia simu akilia, nawe ukanitumia ujumbe: "Kashindi, mwache mtoto akae Japani mwaka mwingine." Nilikuwa nimeshasema hapana, na wewe unaijua hapana yangu. Sasa ngoja nikueleze kwa utaratibu, maana yeye amekueleza upande wake tu.

Alienda mwaka jana. Chuo chake cha hapa kinabadilishana wanafunzi na chuo cha huko. Waliotaka kwenda ni wengi. Nani alichaguliwa? Huyu niliyemlea mimi na marehemu mke wangu. Kanisani sasa wananiita Papa Japani, na sijawakataza.

Kila Jumapili nilikuwa nampigia, ananisimulia. Anasema darasani wanakaa kimya kabisa. Mwalimu akiuliza swali, wanaangalia meza, kila mtu anamngoja mwenzake. Wengine wanasinzia mbele ya mwalimu na hakuna wa kuwaamsha. Nikamuuliza, "Na wewe unasinzia?" Akasema, "Hapana, Babu. Mimi siku ya kwanza niliinua mkono, wote wakageuka kuniangalia." Damu yangu hiyo. Viatu wanaviacha mlangoni, na choo kina ndara zake peke yake. Siku moja alisahau akatoka nazo mpaka sebuleni kwa watu, wakacheka wameziba midomo.

Tena ameingia chama cha wanafunzi cha kupiga upinde. Miezi mingi upinde wenyewe hakupewa. Alipangusa sakafu na kuokota mishale ya wale waliomtangulia mwaka mmoja tu, na anawainamia kama wakwe. Alilalamika. Nikamwambia, "Hiyo ndiyo nchi! Mimi kwa fundi Alimasi nilipiga pasi mwaka mzima kabla ya kugusa cherehani, na ndiyo maana suruali zangu zilivaliwa mpaka Bujumbura."

Na ajabu nyingine: hapa Birmingham nilikuwa namwita kwa Kiswahili, ananijibu Kiingereza. Tangu aende kwa Wajapani, ananijibu Kiswahili.

Basi kuna mwalimu wake, mzee kama mimi, ndiye anayemsimamia. Kwetu mtu akikutunzia mtoto unanyamaza? Nilimshonea shati la kitenge bila kumpima, nilimuuliza Neema tu kama ni mnene. Nikalituma. Kikarudi kifurushi: keki ndogo za maharage matamu, kila moja imevalishwa karatasi yake kama bibi harusi, zote zimefungwa ndani ya kitambaa cha zambarau. Tukazila na wazee wa kanisa. Sasa kitambaa cha mtu unakirudisha kitupu? Wewe mwenyewe ulinifunza kwamba sahani ya jirani hairudi tupu. Nikashona gauni la mke wake, nikalifunga humo humo. Kitambaa kikarudi na keki. Nikatuma mikoba. Zikaja keki.

Neema akanipigia katikati ya juma. "Babu, nakuomba, acha kutuma!"

"Kwani shati halikumwenea?"

"Limemwenea, analivaa. Lakini huku ukipewa kitu lazima urudishe. Hawezi kuacha, ni aibu."

"Na mimi siwezi kuacha, ni aibu. Aanze yeye, mimi ni mkubwa wake."

"Babu, yeye ndiye mkubwa!"

"Nani kasema?"

Akacheka, ndipo akalitoa neno: mwalimu ameomba abaki mwaka mwingine, na yeye anataka. Dada, moto ukaniwaka. Kumbe zile keki zina lao jambo!

"Huyo mzee ana mke?"

"Babu! Si umemshonea gauni?"

"Basi ana mtoto wa kiume."

"Ana mabinti wawili tu."

"Hata hivyo, hapana. Kwanza ardhi ya huko inatetemeka." Nikakata simu. Ndipo alipokulilia wewe.

Majuma yakapita hatusemezani. Jumapili nikitoka kanisani nakula wali wangu, nashika simu, naiweka. Chumba chake kiko juu. Napanda kufungua dirisha, napanda tena kulifunga. Usidhani ni upweke. Nyumba inataka hewa.

Jumamosi iliyopita akaja Mama Zawadi, yule mwenzetu wa kanisani kutoka Bukavu, mwenye mdomo, kaniletea sombe ya majani ya muhogo. Akanikuta mezani na keki.

"Papa Kashindi, hizo si za yule mwalimu?"

"Ni zake."

"Na neno lake si umelikataa?"

"Nimelikataa."

Akavuta kiti. "Papa, kwetu watu wakija kuomba mtoto, ukikataa neno lao, huli chao. Wewe umekula, ukarudia, na wazee wa kanisa ni mashahidi. Sasa unakataa ukiwa na makombo kwenye ndevu?"

Mimi ambaye chifu mwenyewe hakuniweza kwa maneno, nilipangusa ndevu kwanza. Nikasema, "Hizi zilikuwa za shukrani, si za kuomba."

"Ukishameza ndiyo unauliza?"

Ni kweli, Dada. Unakumbuka baba yetu alivyomrudisha yule mbuzi wa watu wa Kiliba waliokuja kuposa, siku ile ile, hata kamba hajamfungua, kwa sababu alijua atawakatalia. Mimi nimekula. Na mtu wa ukoo wetu hali cha mtu halafu akamgeuka.

Nikampigia. "Neema."

"Babu."

"Kaa. Mwaka mmoja."

Nikauliza, "Umekata?"

"Niko, Babu." Alikuwa analia. Nikamwambia asinimalizie salio kwa machozi. Akauliza, "Na wewe utakaa na nani?" Nikamwambia watu ninao wengi, hata viti havitoshi. Akasema, "Haya Babu, tutaongea Jumapili."

Nikasema, "Jumapili na Jumatano."

Hilo tu ndilo nililoongeza.

Watu wa huko wakikuuliza, usiseme nilishindwa na Mama Zawadi. Sema Neema nimemtuma mwenyewe. Nisalimie shemeji Lukoo, mume wako, na baiskeli zake anazotengeneza. Msalimie mwanao Furaha, mwalimu wa watoto, na mama mkwe wangu, mpigieni kelele sikioni asikie kwamba mkwewe hajazeeka.

Mimi mdogo wako asiyeshindwa na mtu,
Kashindi, fundi cherehani