Nilirudisha Cheo cha Mwamuzi wa Sumo kwa Adabu, Wakakipokea

Mpendwa mshauri Bi. Benedicta, naomba msaada, na nianze na hasara yenyewe ili usihangaike kuitafuta: Jumapili ya tarehe 16 Februari, saa kumi na dakika ishirini jioni, nilipoteza cheo cha mwamuzi mkuu wa klabu yetu ya sumo hapa Iyunga, Mbeya, cheo nilichokishika miaka sita, na wala hakuna aliyeninyang'anya, nilikitoa mwenyewe kwa adabu nikijua nitarudishiwa, wakapokea.

Sumo ni mieleka ya Wajapani, watu wawili wazito ndani ya mduara wa kamba ya mabua ya mpunga, anayetoka nje au kugusa chini kwa kitu chochote zaidi ya nyayo kashindwa. Ililetwa na mzee mmoja Mjapani, Bwana Okabe, aliyekuja kufundisha kilimo cha mpunga Usangu, akawaona vijana wa kule walivyojaa kifua, uvumilivu ukamshinda. Alipoondoka alituachia mduara, pepeo la mbao la mwamuzi na utaratibu, na mimi huo utaratibu ndio ulioniteka, maana mimi ni fundi wa kuchomelea mageti, nilianza na mashine ya kuazima pale mtaa wa Soweto bila hata miwani ya giza, leo nina karakana yangu na mafundi saba, na ninajua kitu kisicho na ngazi hakisimami.

Waamuzi wana ngazi nane. Wa chini anaingia ulingoni peku, akipanda anavaa soksi, akipanda zaidi anavaa ndala, na kamba ya pepeo lake inabadilika rangi mpaka inafika zambarau tupu, ambayo ni ya mkuu peke yake. Mkuu huchomeka kisu kifupi kiunoni, maana yake enzi zile ni kwamba nikikosea, roho yangu hii hapa. Siku hizi hakuna anayejichoma, mkuu akipinduliwa na majaji wanaokaa pembeni ya ulingo huenda kuomba kuacha kazi, na wakubwa humwambia hapana, endelea, ndiyo heshima yenyewe. Kisu changu nilikitengeneza kwa springi ya Landcruiser, sikukinoa, Happy mke wangu alikataa. Upande wa pili kuna waita majina, nao wana ngazi zao tisa, hao ndio wanaojenga ulingo wa udongo, wanaufagia, wanapiga ngoma na kuwaita wachezaji kwa sauti ya kuvuta, na Bwana Okabe alisema wazi kwamba ngazi hizi mbili hazikutani, mwita majina hawi mwamuzi hata akiishi miaka mia.

Mwita majina wetu ni Shija, kakulia Usangu, sauti yake ilikomaa kwa kuita ng'ombe wa baba yake, akisema "Daaastaaan" hata mtu asiyeitwa Dastan anasimama. Ni rafiki yangu, ni mdogo wangu, mtoto wangu wa tatu nimempa jina lake.

Sasa tazama hesabu, mshauri, maana mimi sisemi bila hesabu: miaka sita, mapambano 1,312, nimepinduliwa mara tisa tu, yaani nimepatia asilimia 99.3, na hizo tisa zenyewe sita ni za mwaka huu wa mwisho ambao una mapambano 222 tu, kwa hiyo ni jambo la mpito. Siku hiyo Dastan wetu alishikana na Jailos wa klabu ya Mlandege, Iringa, wakaanguka pamoja, nikaelekeza pepeo kwa Dastan, majaji wakapanda ulingoni wakaonyesha kisigino cha Dastan kilivyochora mchanga wa nje kabla. Sawa. Nikaenda kwa mwenyekiti wetu, Mama Eveline, nikapiga goti, nikaweka kisu mezani, nikasema, "Nimekosea, naomba kuacha," na nikaanza kuinuka, kwa sababu mara nane zote zilizopita alijibu, "Hapana Zabron, endelea, kunywa chai."

Mara hii akasema, "Tumepokea, baba. Asante kwa miaka sita."

Nikamwambia, "Mama, hujanielewa."

"Nimekuelewa. Kunywa chai."

Nikamgeukia Shija, yeye anatazama ufagio. Kumbe kamati ya watu watano ilishakaa, kura zote tano zikasema ndiyo, ya Shija ikiwemo, na pepeo wakampa yeye, mwita majina, mtu wa ngazi nyingine kabisa!

Jumanne akaja nyumbani, pepeo kalifunga kwenye kitenge, anataka nimfundishe. Nikamwambia Happy aseme sipo. Happy naye akatoka mlangoni akasema, "Shemeji, ameniambia nikwambie hayupo." Shija akakaa kwenye benchi la nje saa nzima, kisha akasema kupitia dirishani, "Kaka, wale watu wana kilo mia na thelathini. Mwaka huu nimekuvuta shati mara nne wasikuangukie. Mimi nataka uzeeke." Sikumjibu, kwa sababu sikuwepo.

Juzi Crispin, mwenyekiti wa Mlandege, akaleta ujumbe, Happy akanisomea maana simu siku hizi wamezifanya maandishi madogo sana: "Kamwene mzee wetu, njoo uwe mwamuzi wetu mkuu, kamba ya zambarau inakusubiri." Jumamosi hii mashindano yako huko Mlandege, kila klabu inaleta mwamuzi wake, na mwenye cheo kikubwa, wakilingana mwenye miaka mingi, ndiye husimamia mapambano ya mwisho, kwa hiyo nikienda, Shija siku yake ya kwanza itabidi anipishe mbele ya watu wote. Nikifikiria hivyo nasikia raha, halafu usiku usingizi sipati. Niende na Mlandege, au nibaki nyumbani, ambako Happy anasema nimeanza kuwapungia kuku mkono kama naamua ugomvi wao?

Zabron, Iyunga, Mbeya

JIBU

Zabron, pole, na ninaitoa kwa moyo, kwa sababu mtu aliyejijenga mwenyewe akiambiwa "asante" huwa anasikia "kwaheri". Sasa kaa chini nikugombeze.

Ulipiga goti, ukaweka kisu mezani, ukasema naomba kuacha. Mama Eveline ana kosa gani kukusikia? Mgeni akisema ameshiba, mwenyeji mwema humbembeleza mara mbili, tatu. Wewe umebembelezwa mara nane, baba. Ya tisa sahani imeondolewa, na hata hivyo chai ulipewa.

Umeniletea asilimia 99.3 inang'aa kama geti lililopakwa rangi jana. Nimeikwangua. Ukiutoa mwaka huu, miaka mitano ya kwanza ina mapambano 1,090 na makosa matatu, yaani kosa moja kwa kila mapambano 363. Mwaka huu ni kosa moja kwa kila 37. Mteja akikuletea geti linalokwama mara kumi zaidi ya zamani, utamwambia ni jambo la mpito, au utakagua bawaba? Ni macho, Zabron. Ulianza kuchomelea bila miwani, mkeo anakusomea ujumbe, na wewe unalaumu simu. Watu wote watano wa kamati waliliona, wakanyamaza kwa sababu wanakupenda, na hapo nao nawalaumu, maana walipaswa kukuambia usoni badala ya kukushtukiza na kikombe. Lakini aliyejaribu kukuambia ulimfungia mlango, ukamwacha aongee na dirisha.

Mtu anakuvuta shati mara nne usilaliwe na kilo mia na thelathini, hatangazi, hadai shukrani, kisha anapiga kura ya kukutoa mahali pa hatari akijua utamnunia. Unaita usaliti? Huko Mlandege nani atakuvuta shati? Crispin? Crispin hajui hata kwamba linahitaji kuvutwa.

Kuhusu ngazi kutokukutana, nimekuelewa, na ninauheshimu utaratibu wa Bwana Okabe. Kwao Japani wana makumi ya waamuzi na makumi ya waita majina, kila mmoja ameingia kijana na atastaafu mzee kwenye ngazi yake. Nyinyi Iyunga mko wangapi? Mkisubiri mwamuzi mwingine azaliwe, vijana watarudi kuchunga. Na kama ngazi ni kitu kitakatifu kiasi hicho, mbona uko tayari kurukia cheo cha juu cha klabu nyingine bila kupitia hata peku? Zambarau ya Crispin hujaipanda, umerushiwa. Na ile raha unayoisikia ukimwona Shija anapisha siku yake ya kwanza, hiyo ndiyo inayokunyima usingizi, usitafute sababu nyingine.

Kwa hiyo Mlandege hutakwenda na cheo. Mwambie Crispin hapana leo, kwa kumpigia, usimtume Happy. Kesho Jumanne asubuhi unakwenda kwa daktari wa macho, na Happy abaki nje, asikusomee herufi za ubaoni. Mchana unakaa na Shija karakanani, mafundi wako wawili wabebane na kuangushana, umfundishe pa kusimama, wapi pa kutazama kwanza, mguu au mkono, na jinsi ya kuamua papo hapo hata moyo ukisita, kwa sababu hilo hajui na hakuna mwingine Mbeya nzima wa kumfundisha. Jumamosi unapanda gari na klabu yako. Shija ameacha ufagio na kazi ya kuita majina, na sijasikia umeniandikia kwamba kuna mtu ameichukua. Ichukue wewe, ngazi ya tisa, ya chini kabisa. Sauti yako sijaisikia, ila kwa barua hii mapafu unayo.

Najua utaandika ujumbe wa kuzungukazunguka, wa salamu na hali ya hewa, kwa hiyo nimekuandikia mimi. Nakili neno kwa neno, umtumie kabla hujafunga gazeti hili:

"Shija, ni Zabron, nipo. Kura yako iliniuma na bado inauma, lakini shati nililivaa tena jana na halijachanika. Njoo karakanani kesho saa nane na pepeo. Nina swali moja: Jumamosi kule Mlandege nikisimama na ufagio nikaliita jina la mchezaji wa kwanza, wewe utaingia ulingoni nyuma ya sauti yangu, ndiyo au hapana? Usinitumie dole gumba. Nipigie, nataka kukusikia ukisema, na iwe kabla ya saa kumi na mbili jioni ya leo."