Nives na Filamu ya Giza

Loredana shoga yangu, Nives huenda akafukuzwa kiwandani! Kwa neno moja tu!

Yuko baa anakunywa kahawa yake, wapiga picha wakamzunguka. "Dada, hiyo filamu mpya ya kamera inayotangazwa kesho ni ya rangi?" Akasema hajui. "Acha kutuficha bwana, si unaitengeneza wewe?"

Unamjua Nives. Akawaka. "Nitaionaje, na kule kiwandani tunafanya kazi gizani ili filamu isiungue na mwanga? Giza, jamani! Giza tupu!"

Baa nzima ikamgeukia. Giza!

Fulvio, yule mpiga picha wa masharubu, akaruka: "Filamu ya kupigia picha gizani! Kasema mwenyewe!" Wakakumbatiana, mmoja analia kabisa.

Nives akacheka mpaka akapaliwa na kahawa.

Kumbe bosi wake kasimama nyuma. Hacheki. Akamwinamia sikioni: "Nives, nani amekwambia siri hiyo?"