Kasha la Mama

Nansio, 3 Aprili 2025

Kaka Yassin,
Shikamoo. Natumai kifua kimepona. Sisi hatujambo, ila mimi usingizi sina: naolewa! Nikahi ni Ijumaa tarehe 25, asubuhi. Baba hayupo, kaka ni mmoja. Walii wangu ni wewe. Mama anataka Baba Mdogo Nurudin ndiye aniozeshe. Anasema aliyeacha unga wa kulevya akashika methadoni, dawa ya kliniki, amebadili kikombe tu. Nimekataa katakata! Simu huna, basi jibu upesi, uwape mabaharia wa meli.
Mdogo wako, Najat

Mirongo, 6 Aprili

Bi harusi wangu,
Marahaba! Kifua kimepona. Barua yako nimeisoma kwa sauti kinyozini, Elias akaacha kichwa cha mteja nusu. Nitakuja! Tatizo ni dozi: nainywa kliniki kila asubuhi, mbele ya nesi, na Nansio ni ng'ambo ya maji. Nimeamua nikae siku hizo bila dozi. Mama aone mwanawe hategemei kitu.
Kaka yako

Nansio, 9 Aprili

Kaka,
Shikamoo, ingawa nimekasirika. Utaniozesha huku unatetemeka na kutapika? Arosto ikikubana, unga hata huku haukosekani. Muulize nesi! Kuuliza si ujinga.
Mdogo wako

Mirongo, 16 Aprili

Najat wee!
Hujambo? Mimi sijakaa chini tangu asubuhi. Nimeuliza! Kumbe kuna utaratibu: asiyekosa kliniki anaweza kupewa dozi za siku chache, aende nazo nyumbani. Nesi Precious kasema nastahili! Sharti moja tu: ndugu aje mwenyewe, aelekezwe, aahidi kuzifungia mbali na watoto. Wewe bi harusi umeshawekwa ndani, hutoki. Amebaki Mama. Nani atamwambia?
Kaka yako

Nansio, 22 Aprili

Kaka,
Shikamoo. Mimi mzima, hina imekolea. Nilimsomea Mama barua zako zote. Ile ya kukaa bila dozi ili yeye afurahi ilimnyima chakula siku nzima.

Leo nimemkuta anatoa kanga kwenye kasha lake, lile alilolitia kufuli ulipouza redio yetu. Zote chini, kasha tupu. Nikamuuliza, "Mama, vipi tena?" Akanishangaa.

"Sasa dawa ya mwanangu italala wapi?"

Anayekupa barua hii ni yeye. Iweke chini, umwamkie.
Mdogo wako