Maharagwe Juu ya Mabenchi

Nyumbani kwa fundi seremala,
nyuma ya mashine ya kusaga,
Jumatatu, tarehe 12 Novemba.

Mpendwa Wifi,

Naomba barua hii ikukute mzima, na kama goti lile bado linakusumbua, basi likuume kidogo tu, lisikuzuie kucheka. Shemeji anaendeleaje na kifua chake? Watoto je? Sisi huku tunapumua. Kuku mweupe ameangua, jiko halifuki moshi kama zamani, na usiku ninaolala sasa ni mwingi kuliko usiku nisiolala. Kwangu hiyo ni afya.

Picha ya kaka yako imefika, nimeiweka juu ya kabati lake la vifaa. Wewe unamkumbuka akiwa kijana mwenye nywele. Mimi namkumbuka akiwa na misumari midomoni, mtu akimsalimia anaitikia kwa pua, mmh, na wateja wote walijua mmh ipi ni salama na mmh ipi ni rudi kesho, meza yako bado.

Sasa nikupe habari ya kanisa, maana kwenye simu ulisikia nusu, mtandao ukakata, nawe ukabaki unalia ukidhani limefungwa. Futa machozi. Halijafungwa.

Uliliacha bati likiwa na matundu machache. Tangu kaka yako atangulie hakuna aliyepanda kuyaziba, na kutu haina likizo. Siku tuliyomzika mvua ilidondoka ndani, tone baada ya tone, juu ya jeneza, nami nikawa nalipangusa kwa leso mpaka mahubiri yakaisha. Hilo sijamwambia mtu, nakwambia wewe.

Baadaye yakaja maneno kutoka kanisa la mjini. Jengo letu ni hatari, twende tukasali kwao, na mabenchi yetu yapelekwe kule kwa sababu yao hayatoshi. Mabenchi yale, Wifi, unajua yalitoka katika mkono wa nani. Tena wazee wetu hawawezi safari ya mjini kila Jumapili. Wangekaa nyumbani kama vyombo vya akiba. Tukajibu kwamba hatuendi, tutaezeka wenyewe. Wakatuuliza, kwa kitu gani? Tukasema, kwa jembe.

Tulifyeka lile eneo la nyuma ya kanisa tukakubaliana kupanda maharagwe. Mwinjilisti wetu, yule mpole anayeomba samahani hata akipiga chafya, akatangaza kila nyumba ilete mbegu kidogo, na akakumbusha kuwa sadaka si ya kuonyeshana. Basi watu wakamtii kupita kiasi! Aliweka pipa mlangoni, akalifunika kwa kitambaa, na kila mmoja akapitisha mkono chini ya kitambaa akamimina zake bila jirani kuona. Tulipofunua tukakuta nyekundu, nyeupe, za njano, zenye madoadoa, zote zimekumbatiana. Mvua ilikwisha kuanza. Tukapanda hivyo hivyo.

Ungeliona shamba lile ungecheka. Yale ya kutambaa yaliwapanda wenzao mabegani kama ndugu waliokuja kusalimia wasirudi kwao. Mengine yakakauka wakati mengine yana maua. Lakini tulipalilia, tukavuna, tukapiga, magunia yakajaa.

Ndipo akaja mnunuzi wa nafaka tunayemwita Mizani. Akatia mkono guniani, akauchomoa, akatazama kiganja chake.

“Mama, haya ni maharagwe au shanga?”

“Ni maharagwe ya Mungu,” akamjibu jirani yangu, yule tunayemwita Redio kwa kuwa hazimwi.

“Mungu ana subira, wateja wangu hawana. Ukiyachemsha pamoja, haya yameiva na kurojeka, yale bado mawe. Siwezi kuyanunua ila kwa bei ya kulishia mifugo. Yachambueni, kila rangi gunia lake, nami nitatoa bei ya kweli.”

Mwinjilisti akaanza kuomba samahani. Redio akamwambia, “Baba, samahani haichambui. Vuta kiti.”

Tulianza uani, upepo ukatujaza makapi machoni. Tukahamia kanisani. Unakumbuka kaka yako hakuyawekea mabenchi egemeo, alisema mtu akiegemea anasinzia. Basi ukiyaunganisha mawili unapata meza. Tukaunganisha yote, tukatandika mashuka, tukamimina maharagwe, tukazunguka. Na yale matundu ya bati, Wifi, ndiyo yaliyotupa mwanga! Mtu akitaka kutofautisha njano na nyeupe anahamia chini ya tundu.

Tukiwa katikati ya kazi, lori likasimama nje. Mchungaji wa mjini ameshuka na dereva wake, wamekuja kuchukua mabenchi. Hawakuwa wametupa taarifa kabla. Nadhani walitegemea kukuta jengo tupu.

“Shikamoo, Mchungaji,” Redio akasema. “Karibu ndani. Tungekukaribisha kiti, ila viti vyote vina wageni.”

Mchungaji akatabasamu. Si mtu mbaya, na sitaki umwone vibaya. Alisema anatuonea huruma, ila jengo likimwangukia mtu lawama itakuwa yake. Kisha akamwonyesha dereva benchi la mwisho. Dereva akashika ncha moja. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa pili na rundo langu jekundu mbele yangu.

Unanijua mimi si mtu wa kusema mbele za watu. Lakini niliweka kiganja juu ya benchi lile nikasikia maneno yanatoka.

“Mchungaji, benchi hili lilitengenezwa na mume wangu kwa ajili ya nyumba hii. Nionyeshe msumari mmoja mlionunua ninyi, nami nitakusaidia kubeba.”

Dereva akaachia polepole, kama mtu aliyeshika kitu cha moto.

“Na ukimwaga, kaka,” Redio akamwambia, “utakaa hapa kuchambua mpaka uote mvi.”

Mchungaji akauliza tutamaliza lini. Akajibiwa na mwinjilisti, yule yule mpole, na safari hii hakuomba samahani. Alisema, “Tutamaliza tukimaliza.” Lori likaondoka tupu.

Tulimaliza. Mizani akatimiza neno lake, rangi kwa rangi. Fedha zilitosha bati la nusu ya paa, na hapo tukagombana kama watu wa nyumba moja, madhabahu kwanza au watu kwanza. Mwinjilisti akaamua, watu kwanza; yeye ataloa. Mafundi wakaezeka upande wetu, bati jipya linang’aa mpaka linaumiza macho.

Jana Mchungaji alirudi, kuhubiri na kutoa tangazo la mwisho la kutuhamisha. Alisimama madhabahuni, akakohoa, akaanza, “Wapendwa, baada ya kutafakari…” na mvua ikashuka. Wifi, unajua bati lisilo na dari. Tulimwona anafumbua mdomo, hatukusikia hata herufi. Akapaza sauti, mvua ikapaza zaidi. Nasi tukaanza kuimba, si kwa ufidhuli, tuliimba tu. Upande wake ulikuwa unavuja kama chujio. Alivumilia ubeti wa kwanza, na wa pili. Katika ubeti wa tatu akashuka, joho limemganda mwilini, akatafuta penye ukavu. Nafasi ilikuwa kando yangu. Nikasogea, akakaa.

Mvua ilipopungua hakurudi juu. Alitazama bati letu, akatazama lile la madhabahuni, akaniuliza kwa sauti ya chini, “Upande ule mtapanda nini?”

Nikamwambia maharagwe, ya rangi moja.

Kuhusu lile uliloniomba, niuze nyumba nije nikae kwako: asante, najua ni upendo, na jibu ni hapana. Usiliulize tena. Watu wananiona mpole wakadhani nimeshawekwa kando pamoja na vifaa vyake. Mimi nina shamba la kulima na paa la kumalizia. Njoo wewe. Nitakukalisha kwenye ukavu.

Nisalimie Shemeji, mwambie anywe dawa na asijifanye kijana. Msalimie binti yako mkubwa, yule mwenye kicheko cha mjomba wake, na mapacha, na bibi jirani anayekusomea barua zangu macho yako yakichoka, bibi, shikamoo. Mungu awalinde mlangoni na barabarani, na akiwapa mvua, awape na pa kujikinga.

Ni mimi nikupendaye,
mke wa kaka yako, hadi leo.