Kofia Niliyopewa Diani

Ukunda,
Ijumaa, baada ya alasiri

Kwa dada yangu Salama binti Juma, Lamu.

Kwa heshima na taadhima, mbele ya wazee, majirani na paka wako mwenye jicho moja, natangaza rasmi ya kwamba mimi Rukia binti Juma, mjane, mwenye umri wa kuitwa bibi na watoto wasionijua, nimepewa kofia. Ni nyeupe. Imetiwa wanga hata ikakauka kama mkate wa juzi. Mbele ina marinda, nyuma ina vibanio. Serikali isipotoa sikukuu kwa jambo hili, basi uhuru huu bado haujafika huku kusini.

Baada ya tangazo, shikamoo dada. Goti lako je, lingali latabiri mvua? Na kikohozi kimekwenda zake au kimepanga chumba? Mimi mzima, alhamdulillahi, ila kiuno kimeanza kuguna kabla yangu kila niinamapo kwenye beseni. Halua yako imefika, kikapu kizima, halua nusu. Aliyeileta ameapa kuwa ni joto lililoila.

Barua yako nimeisoma hata ikachakaa. Wasema mmesikia huko kwamba nimempiga msimamizi wangu wa kazi kwa mwavuli mbele ya wageni. Nawe, badala ya kuniuliza kama alilia, umeniandikia: "Vaa hiyo kofia, Rukia, ule chakula chako. Mungu yuaona moyo." Dada! Wewe uliyekuwa ukivaa buibui hata kumfuata mbuzi uani, leo ndiwe waniambia nitoke kichwa wazi? Nimecheka hata Mwanamisi akaja mbio, akidhani nimeposwa.

Huyu Mwanamisi ni mwenzangu, Mdigo wa Munje. Twakaa nyumba moja hapa Ukunda na twafua pamoja katika hoteli moja ya ufukweni Diani. Yeye hufunga leso moja kiunoni na nyingine huitupa mabegani. Kichwa hukifunika akienda matangani, au akimwona baba mkwe wake akija kwa mbali. Sijamwambia neno juu ya kichwa chake, wala yeye juu ya changu. Husema kila mtu alale na kichwa chake.

Tangu marehemu mume wangu aniache nafua mashuka hapo. Buibui hulitundika nyuma ya mlango wa chumba cha dobi, nikafanya kazi na mtandio wangu kichwani, na mzungu mwenye hoteli hajapata kututazama, si kichwa si nyayo. Kisha tukaletewa msimamizi mpya, Bwana Stefano, kijana wa bara, wa kwanza wa rangi yetu kukaa kwenye kiti kile. Tulimpigia vigelegele. Hufunga tai hata akiingia kwenye mvuke wa dobi, masikini. Wala si mtu mbaya. Ndiye aliyetupatia chai ya saa nne, ambayo miaka yote hiyo hatukuijua harufu yake.

Siku moja akatukusanya wanawake, akatugawia kofia. Akatueleza kwa upole, kama mtu afundishaye chuoni, kwamba nchi imekuwa yetu, kwamba mwanamke wa sasa ametoka gizani, na wageni wakubwa kutoka Nairobi wapaswa kuona nyuso mpya na nywele safi. Ulimi wangu waujua. Nikamuuliza kama hao wanawake wapya watakuja na viuno vipya, maana mashuka ni yale yale. Wenzangu walicheka, yeye hakucheka.

Kesho yake niliivaa kofia juu ya mtandio, nikidhani nimepata suluhu. Mwanamisi akasema nafanana na kuku aliyetagia juu ya paa. Bwana Stefano akasema hapana, nywele zionekane. Dada, nywele zangu wazijua, zilizobaki zaitana kwa majina. Nikamwambia nazificha kwa kuwahurumia wageni. Hakutaka mzaha. Akanipa mpaka Jumamosi, siku ambayo mke wa mkubwa mmoja angekuja kupumzika. Ama nivae kofia peke yake, ama nitafute kazi pengine.

Usidhani nimekuwa walii huku. Alfajiri nyingine hunipita nimelala fofofo, na kusengenya sijaacha, ndiyo riziki ya dobi. Lakini wiki ile nzima katika kila nilichokikamua nilimwona marehemu bibi yetu, Bibi Faida.

Wewe wamkumbuka kuliko mimi. Wakumbuka lile bega lake lililoinama upande mmoja. Lilikuwa bega la shiraa. Mabibi wa majumba walipotoka, walitembea ndani ya hema lile la kitambaa, na wajakazi ndio walioshika miti yake. Bibi yetu alishika mti ujana wake wote. Kitambaa kikamfunika mwenye nyumba, na jua likampiga yeye utosini, kwa sababu mjakazi alikatazwa kujifunika. Kujistiri kulikuwa kwa waliohesabiwa watu.

Na siku alipokuwa huru, mama alitusimulia, kabla ya kitanda, kabla ya chungu, alitafuta kitambaa cheusi. Akajifunika, akapita mbele ya nyumba ile ile, akarudi, akapita tena. Watu wakamuuliza aenda wapi. Hakwenda popote. Alikuwa akipita tu.

Kwa hiyo huku wakiniambia kwamba hijabu tumevikwa na wanaume, nawaambia wapo waliovikwa, na hao watajisemea wenyewe. Kwetu hatukuvikwa. Kwetu tuliinyakua. Kama Bibi Faida angetoka kaburini akakuta uhuru umekuja kumvua alichokinunua siku ya uhuru wake, mimi mjukuu wake ningejificha wapi?

Sasa salamu. Nisalimie shemeji, mume wako, mwambie miwani aliyoipoteza aitazame juu ya paji la uso. Nisalimie mwalimu wetu wa chuoni, kama bado ana nguvu za kushika fimbo. Nisalimie wifi mkubwa, umwambie upishi wake naukumbuka, na usimwambie kwa nini. Nisalimie jirani muuza ubuyu na kila aulizaye habari zangu kwa wema. Aulizaye kwa ubaya msalimie mara mbili.

Dada, lililobaki nimeliacha hadi hapa kusudi, kwa kuwa nalijua baraza lako barua isomwapo. Mtu akishasikia jina lake katika salamu, huvaa viatu akaondoka. Basi wakishatoka, funga mlango, nikueleze hasa yaliyotokea Jumamosi.

Gari lilifika jua la utosini. Bwana Stefano alinipa mwavuli mkubwa nimfunike yule mama kutoka garini hadi barazani. Kisha akanyoosha mkono wa pili. Ulikuwa na kofia.

Hapa Ukunda wasimulia kwamba nilitoa hotuba juu ya Bibi Faida, wazungu wakalia, kisha mwavuli ukafanya kazi yake. Uongo mtupu. Hotuba niliitunga baadaye nikikamua mashuka, na ilikuwa nzuri mno, ila mashuka ndiyo yaliyoisikia. Pale mbele ya gari sauti ilinitoka ndogo kama ya paka wako.

"Sivui," nikasema.

"Mama Rukia, usiniaibishe," akaninong'oneza. Jasho lilikuwa limemlowesha kola. Nikaona kwamba naye yuaogopa, na kwamba kiti chake kina miguu mibovu kama kigoda changu.

"Mwavuli nitaushika, mwanangu. Kichwa sikupi."

Akauchukua mwavuli mkononi mwangu, akampa Mwanamisi, ambaye nywele zake zilikuwa zimesukwa zikapendeza, kofia imekaa vizuri kuliko kwa mzungu. Mwanamisi akautazama mwavuli. Akanitazama mimi. Kisha akaivua kofia, akaitia mfukoni mwa aproni, akaitoa leso mabegani, akajifunika kichwa polepole na kuichomeka nyuma ya sikio.

"Na mimi leo nahisi baridi," akasema.

Katika jua lile, dada. Walio nyuma yetu wakaanza nao, huyu kwa leso, yule kwa taulo la jikoni.

Mama wa watu alikuwa amesimama kando ya gari akingoja. Basi Bwana Stefano akauchukua tena mwavuli, akaufungua mwenyewe. Akamfunika hadi barazani, akitembea upande upande, kichwa chake wazi juani. Nilitaka kucheka, na waapao kwamba nilicheka nawasamehe, maana ndivyo nilivyo. Sikucheka. Nililiona lile bega, limeinama upande mmoja, nikakumbuka ni la nani. Nikaenda nyuma ya dobi, nikakaa juu ya mashuka machafu, nikalia.

Hajanifukuza. Hupita, hunipa shikamoo akitazama sakafu, na chai ya saa nne bado yaja. Labda mwisho wa mwezi ataniambia niende, naye aweza. Akiniambia, nitakaanga mahamri na Mwanamisi hapa njiani, na nitayakaanga nimejifunika. Kwa hiyo usiniandikie tena nivae nile. Nitakula.

Kofia sikuitupa, ni dhambi kutupa kitambaa kizima. Nimeufunika nayo mtungi wa maji. Nyumbani kwangu hata mtungi haukai kichwa wazi.

Mimi mdogo wako, mkaidi kwa kurithi,
Rukia binti Juma