Nyuzi Nilizozidhania Utani

Wodi ya Wanaume,
Tabora.

Mke wangu mpendwa, Mama Daudi,

Pokea salamu zangu. Natumaini wewe, watoto na mama mkwe hamjambo hapo Sikonge, na kwamba mvua haijaharibu tumbaku. Mimi si mzima, wala sitakuficha. Pengine umekwisha kuambiwa na watu wa stesheni, nao huongeza chumvi. Sadiki haya niliyoyaandika mwenyewe.

Nilikuandikia kutoka Kaliua kwamba nilipasuliwa ngiri hapa Tabora, nikaruhusiwa kurudi kazini. Sikukueleza kwamba niliitilia shaka ruhusa ile. Wenzangu wawili waliopasuliwa kabla yangu walibaki vitandani, mimi nikatolewa. Nikajiuliza: nimepona, au wanakitaka kitanda?

Anayefunga vidonda humu ni Kondo, Mzaramo, kwa hiyo ni mtani wetu. Siku ya kwanza alinicheka mbele ya wodi nzima: "Babu zako walifika kwetu Pwani na pembe za ndovu mabegani. Leo mjukuu wao hawezi kulibeba tumbo lake mwenyewe! Ukifa, Mnyamwezi, koti hili ni langu."

Nikamjibu kwamba koti hilo litamzamisha mtu aliyelelewa kwa tui la nazi. Tuliendelea hivyo kila asubuhi. Siku ya kuondoka akasema, "Rudi Jumatatu nikutoe nyuzi. Usiporudi, tumbo litafumuka kama gunia la karanga, nami nitakuja Kaliua kuchukua koti langu."

Nikacheka, nikapanda garimoshi. Mtu aliyenitania siku kumi, ningejuaje kwamba siku ya kumi na moja anasema kweli?

Jumatatu ikapita, na nyingine ikapita. Kidonda kikavimba, kikatoa usaha, homa ikanipanda. Jirani yangu, mke wa fundi wa reli, aliniletea asali ya kupaka. Nilimshukuru nikaiweka kando, kwa kuwa simjui aliyeirina. Karani msaidizi wangu aliniuliza hali mara tatu kwa siku. Sijui alinihurumia au alikuwa akikipima kiti changu. Mwishowe nilianguka juu ya mizigo, na stesheni masta akaniamuru nirudi huku kwa gari la kwanza.

Kondo aliifungua bendeji. Nilimngoja anitukane. Akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo, mzee."

Mama Daudi, hapo ndipo nilipoogopa.

"Tangu lini unaniamkia?" nikamwuliza.

"Ningekuambia bila mzaha, ungerudi. Nisamehe."

Hata msamaha huo niliutilia shaka: mtu haombi radhi bure. Daktari Mzungu anataka kunipasua tena kesho asubuhi, nami nilikuwa nimekataa. Nikamwuliza Kondo, "Mmeacha nini tumboni mwangu?"

"Sijui, mzee. Na daktari naye hajui mpaka afungue."

Tangu niingie humu, hilo ndilo neno la kwanza nililolisadiki. Nimetia sahihi karatasi ya kukubali kupasuliwa.

Usije, barabara imekatika kwa mvua, na baiskeli ya Daudi haina breki. Nisalimie mama mkwe, kaka yako mzee wa kanisa, na binti yetu Marta. Mwambie asome kwa sauti, asimumunye maneno. Waombe wote waniombee, lakini usiwaeleze yote.

Ikija habari yangu kwa mwandiko usio wangu, iwe njema au mbaya, usiisadiki, isipokuwa imetiwa sahihi na Kondo.

Ni mimi mumeo,
Baba Daudi